Si kila Bren ni rashasha

Bren ya asili ni rashasha nyepesi ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema Bren ya nusu-otomatiki (inayotoa risasi moja kila triga inapovutwa) inayoingizwa Kanada ni rashasha ileile iliyopunguzwa makali. Hapo amekosea. Sheria ya jinai ya Kanada huiweka rashasha kwenye marufuku hata ikirekebishwa itoe risasi moja kila triga inapovutwa. Kwa hiyo nakala ya kuagizwa lazima iwe na mwili uliotengenezwa upya, ambao haukuwahi kufyatua mfululizo. Na tangu Mei 2020 serikali ilipopiga marufuku aina zipatazo 1,500 za bunduki, mlango umebanwa zaidi.

Bren nyingi zilitengenezwa Toronto, kiwanda cha John Inglis, na babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) walipigana nazo Burma. Wakusanyaji wanaozitunza wasihesabiwe pamoja na majambazi.