"Uje umefunga" si maelekezo

Mama alipopangiwa kipimo cha kuingiza kamera tumboni kupitia mdomoni, alirudi nyumbani na tarehe na sentensi moja: "Uje umefunga." Mama anafunga Ramadhani tangu utotoni. Siku ya kipimo aliamka saa kumi alfajiri, akapasha wali wa nazi na maharage, akala akashiba. Saa mbili asubuhi tuko kwenye benchi, nesi anamuuliza amekula lini mara ya mwisho. Akajibu kwa utulivu: "Nimekula daku, mwanangu."

Kipimo kikaahirishwa, na nashukuru kiliahirishwa. Mgonjwa akishapuliziwa ganzi kooni na kuchomwa dawa ya kumtuliza, koo halijikingi tena sawasawa. Chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ndiyo maana chakula hutakiwa kikome angalau masaa sita kabla, huku maji matupu kwa wagonjwa wengi yakiruhusiwa mpaka masaa mawili kabla. Angalia basi: funga ya Ramadhani inakataza hata funda la maji mchana, lakini daku ni sunna. Kuna aliyesema pale kwamba wazee hawaelewi. Mama alilielewa vizuri kabisa neno aliloambiwa.

Kilichonitisha zaidi ni dawa. Mama ana kisukari na huchoma insulini kila asubuhi, wala hakuna aliyemuuliza. Angefunga kama walivyotaka wao, kisha akachoma dozi yake ya kawaida, sukari ingeweza kumshuka akiwa ndani ya daladala. Jirani yetu naye ana vali ya bandia moyoni, anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Akiiacha kwa uamuzi wake, damu inaweza kuganda kwenye vali; akiendelea nayo na daktari akakata kijinyama kilichoota huko ndani, anaweza kuvuja damu sana. Jambo kama hilo linaamuliwa na daktari siku kadhaa mapema. Asubuhi ya kipimo ni kuchelewa.

Kipimo cha kamera cha utumbo mpana nacho kina mizigo yake: dawa ya kusafisha tumbo inayoharisha usiku, mzee akihangaika gizani kwenda choo cha uani, mwili ukikauka maji. Mwenye figo dhaifu hapaswi kupewa dawa za kusafisha zenye fosfeti. Haya yote yanataka mtu akae na mgonjwa dakika kumi, na ampe karatasi ya Kiswahili yenye saa zilizoandikwa kwa hesabu yetu, neno "usiku" au "asubuhi" likiwa pembeni. Ukimwandikia mama yangu 20:00, hujamwambia kitu.

Mara ya pili tulipata nesi mwingine. Alimwomba Mama amimine dawa zote mezani, akashika moja moja, akampigia daktari kuhusu insulini. Daktari akatoa maagizo ya Mama peke yake. Mwenye kisukari mwingine atapangiwa yake. Kisha nesi akasema: "Haya bibi, nirudishie nilichokwambia."

"Kula mwisho saa mbili usiku. Maji mwisho saa kumi na mbili asubuhi. Sindano ya asubuhi sichomi, nakuja nayo. Na nije na mtu wa kunirudisha nyumbani."

"Na daku?"

"Hakuna daku."