Mapigo Manne, Jamani, Si Mawili na Nusu

Mtu wa treni za modeli ananunua dekoda ya sauti, kile kisahani cha elektroniki kinachoendesha mota na kutoa sauti, kwa bei ya kichwa kizima cha treni cha mtumba, anaifunga kwenye Black Five, kichwa cha mvuke cha Uingereza, ya kipimo cha OO (milimita 4 kwa kila futi ya kweli), anawasha kamera. Filimbi safi. Breki zinalia vizuri. Kisha kichwa kinaondoka, gurudumu linazunguka mara moja, na mvuke unapiga mara mbili na nusu. Mzunguko unaofuata, mara tatu. Watazamaji wanampongeza: kama ya kweli! Ya kweli wapi?

Black Five ina silinda mbili. Kila silinda inatema mvuke mbele na nyuma, kranki zimepishana kwa robo mzunguko, basi gurudumu likizunguka mara moja lazima usikie mapigo manne. A4, kichwa kingine cha Uingereza, ina silinda tatu: sita. Castle ya reli ya Great Western ina nne, lakini zinatema kwa jozi, kwa hiyo yanabaki manne. Lord Nelson nayo ina nne, ila kranki zake zilipangwa kwa makusudi zipige manane. Sasa njoo uone watu wanavyopakia faili la sauti la Castle kwenye Nelson kwa hoja kwamba "zote si silinda nne?"

Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita. Gurudumu la kuvuta la Black Five lilikuwa na kipenyo cha futi 6. Kwenye OO ni milimita 24, na mzingo wake unakaribia milimita 75. Kwa hiyo pigo moja lije kila kichwa kinaposogea milimita 19, si kila dekoda inapojisikia.

Na dawa yake haigharimu kitu. Tia nukta ya wino mweupe wa kufutia makosa kwenye ukingo wa gurudumu la kuvuta. Weka CV3 na CV4 kwenye sifuri (CV ni namba za mipangilio ya dekoda; hizi mbili ni za kuongeza na kupunguza mwendo taratibu), la sivyo utahesabu kichwa ambacho bado kinaongeza mwendo. Kwenye dekoda ya LokSound 5 anza na mota: andika 0 kwenye CV54, kisha bonyeza F1, kitufe cha kwanza cha vitendo kwenye kidhibiti. Kichwa kitachomoka kwa kasi yake yote, kwa hiyo kiwe na reli ya kutosha mbele, kisielekezwe ukingoni mwa meza. Kikishatulia, nenda hatua ya kasi ya 1 na ucheze na CV57 mpaka mizunguko kumi ya nukta ikupe mapigo arobaini. Panda mwendo wa kati, rekebisha kwa CV58. Wenye dekoda za Zimo, yenu ni CV267: namba ikishuka, mapigo yanakaribiana. Ukija kupunguza CV5, ile ya kasi ya juu kabisa, baadaye, rudi uhesabu upya.

Bado yanayumba kwenye mwendo wa kutambaa? Dekoda hailioni gurudumu. Inakadiria kutokana na umeme unaorudishwa na mota, na mota ikizunguka polepole umeme huo ni mdogo mno. Hapo funga sensa ya Hall, inayohisi sumaku ikipita, na sumaku nne ndogo kwenye ekseli ya kuvuta. Kwa vichwa vya zamani ambavyo mota iko kwenye tenda, lile behewa la makaa na maji nyuma ya kichwa, sensa ikae kwenye ekseli ya kichwa chenyewe, kwa sababu magurudumu ya kichwa huburutwa tu na yanaweza kuteleza.

Haya, nikubali moja, shingo upande. Kwa maili 60 kwa saa Black Five inapiga karibu mapigo 19 kwa sekunde, na hakuna sikio la kuyahesabu hayo. Lakini nani ananunua sauti kwa ajili ya maili 60? Tunanunua kwa ajili ya ile mita moja ya kwanza, kutoka stesheni.

Spika: hata ile ya milimita 11 kwa 15 inatosha ikiwa kiboksi chake kimezibwa kabisa. Upenyo mdogo tu, sauti ya nyuma inaila ya mbele, unabaki na nyuki kwenye kopo. Soma omu (ukinzani wa spika) kabla ya kulehemu. LokSound za zamani zilitaka omu 100, na spika ya omu 8 itaua amplifaya.

Waya: nyekundu na nyeusi ni za reli, ya chungwa na ya kijivu ni za mota. Kabla ya kuwasha, pima kwa multimeta kati ya ncha za mota na kila gurudumu. Kusiwe na mguso hata mmoja. Mota za zamani za Tri-ang X04 zina brashi moja iliyoungana na fremu. Usipoitenga, dekoda inakufa dakika hiyohiyo, na moshi utakaouona si wa mapambo.

Na wale wanaoota Garratt ya EAR (Reli ya Afrika Mashariki) daraja la 59, ile iliyokuwa ikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi: ina injini mbili chini ya boila moja, kila moja na mapigo yake manne, zinakutana na kuachana njia nzima. Faili la kichwa kimoja halifai hapo. Halafu tafadhali fungeni ile sauti ya koleo la makaa kwenye F-namba-gani-sijui. Zile zilikuwa zinachoma mafuta.