Weka msasa chini, chukua futi

Ndege ya kwanza ya rimoti niliyonunua ikiwa kuukuu niliiharibu mwenyewe, na siku ile nilikuwa na raha zangu zote. Niliipata kwa dola 40 hapa Ohio, kwenye gereji ya familia iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu mzee wao. Imefubaa, inanata mafuta, rangi inabanduka. Nikafika nayo nyumbani, nikatoa msasa. Hadi magharibi ilikuwa mbao nyeupe tupu, nami najiona fundi.

Wiki iliyofuata nikaipeleka uwanjani kuwauliza wazee ni ndege gani. Wakaniuliza wao: rangi zilipita vipi? Mashimo ya sevo, vile vijimota vinavyosukuma usukani, yalikuwa na ukubwa gani kabla hujayaziba? Ndani kulikuwa na maandishi? Nikakumbuka. Kulikuwa na maandishi ya penseli pale bawa linapokalia. Nilikuwa nimeyafagia pamoja na vumbi.

Mpaka leo sijui ile ilikuwa ndege gani. Kwa hiyo mtu akinitumia picha ya ndege kuukuu aliyookota na kuniuliza aanze na msasa namba ngapi, hasira zinazonipanda si za kwake. Ni zangu.

Nisisitize kwamba hizi si midoli, na wala si droni. Nazungumzia ndege za mashindano ya sarakasi za angani: mabawa yanazidi mita moja na nusu toka ncha hadi ncha, injini ya sentimita za ujazo 10 inayokunywa methanoli, rubani amesimama chini na majaji wamekaa nyuma yake wanatoa alama kwa kila duara na kila kujiviringisha. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na Mmarekani Ed Kazmirski akashinda kwa ndege yake aliyoiita Orion. Mwaka 1967, kule Corsica, akashinda Phil Kraft na Kwik-Fli III. Kila bingwa alikuwa na ndege yake, na kila bingwa akishinda, maelfu ya watu huku nyuma wanajifungia gereji kutengeneza kama ile. Hapo ndipo ugumu wa kuzitambua unapoanzia.

Hii niliyonayo sasa niliuziwa kwa jina la Curare. Mwenye kufuatilia mchezo huu ataelewa kwa nini moyo uliruka. Curare ni ndege ya Hanno Prettner wa Austria, aliyoshindia ubingwa wa dunia mwaka 1977, na mashindano yenyewe yalikuwa Springfield, Ohio. Kutoka kwangu Dayton hadi Springfield ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Muuzaji alinionyesha mkia: bapa zake mbili zimeinama kuelekea chini, kama ndevu za kambare. "Ni Curare hiyo," akasema, na bei ikapanda palepale.

Mkia ule haukuinamishwa kwa urembo. Bawa lililochongwa kurudi nyuma, au lililoinuliwa ncha zake, lina tabia moja: ukipiga usukani wa mkia wakati ndege imelalia ubavu, nayo inataka kujiviringisha. Mkia ulioinama unaivuta upande wa pili, ndege inatulia. Prettner aliposhinda, mikia ya kuinama ikaonekana kila mahali. Kwa hiyo mkia ulioinama unakwambia mtengenezaji alikuwa akimwangalia Prettner. Haukwambii kwamba alitengeneza Curare.

Safari hii nikaanza na futi. Nikapima upana wa bawa kwenye shina na kwenye ncha, nikapima limerudi nyuma kiasi gani, na umbali wa kutoka ukingo wa nyuma wa bawa hadi mwanzo wa mkia. Ramani za ndege za zamani zinapatikana, ziweke mezani ulinganishe. Usiamini rangi, kila mtu alipaka alivyotaka. Usiamini hata urefu wa bawa, kwa sababu ncha ni kitu cha kwanza watu kubadilisha.

Kisha nikachungulia ndani kwa tochi, na huko ndiko ndege inakosema kweli. Mbao za sanduku la kununua, lile la vipande tayari vya kuunganisha, mara nyingi zina namba zilizopigwa mhuri kiwandani, na zimekatwa kwa mashine, zote sawa. Hizi zilikuwa na mistari ya penseli ambayo msumeno uliifuata kwa wasiwasi, mara ndani ya mstari mara nje. Ubao wa sevo una matundu mapana, ya sevo kubwa za enzi zile. Tumboni kuna mfereji wa bomba refu la moshi, na kwenye mabawa visima vya magurudumu ya kukunja. Ndege za mwanzoni mwa miaka ya 60 magurudumu yalining'inia tu. Hii ni ya enzi ambayo majaji walitazama michezo mikubwa ya angani ikifanyika mbele yao, na kugeuza ndege kule pembeni ilikuwa shauri la rubani, kwa hiyo watu walijenga ndege za mbio, nyembamba. Kanuni zilipobadilika miaka ya 80, hata kule kugeuza kukaanza kupewa alama, ndege zikanenepa na kupunguza kasi. Mtu aliyezizoea anaweza kukisia muongo kwa kuangalia tumbo tu.

Vipimo vya bawa vikakubaliana na ramani ya Curare kwa milimita. Kiwiliwili kikakataa. Pua ni ndefu kwa sentimita nne hivi, na paa la nyuma limechongwa kivyake. Yaani mtu alikata bawa la Prettner kwenye povu kwa waya wa moto, akalivika balsa, ile mbao nyepesi, kisha mwili akaubuni mwenyewe.

Je, nimepunjwa? Kwa bei, labda. Lakini nasema bila kigugumizi kwamba hii naipenda kuliko Curare halisi ya sanduku. Za sanduku zipo. Hii iko moja, na aliyeitengeneza alikuwa na sababu ya kurefusha pua. Nadhani injini yake ilikuwa nyepesi, akataka uzito mbele bila kubeba madini ya risasi.

Ukishajua una nini mkononi, kutengeneza kunakuwa kuchagua. Betri ya zamani nilitoa kwanza: ilikuwa imevuja unga wa kijani, na uozo wake ulikuwa umetambaa ndani ya waya hasi hadi kwenye swichi, shaba imekuwa nyeusi. Waya wa hivyo unaonekana mzima kwa nje, halafu unakukatikia angani. Nikang'oa mfumo wote wa redio nikaweka wa gigahezi 2.4. Tangi, mipira ya mafuta, bawaba za aileroni, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege ubavu, vyote vipya. Hapo sina huruma, maana kitu cha kilo tatu na nusu chenye panga la kuzunguka mbele kikikosa mwelekeo hakichagui wa kumwangukia.

Kazi kubwa ikawa pua. Mafuta ya nyonyo yalichanganywa kwenye methanoli kulainisha injini, na yalikuwa yamezama kwenye mbao miaka mingi. Harufu ile! Mtu aliyewahi kunyweshwa nyonyo na bibi yake likizo ikikaribia kwisha ataelewa kwa nini nilifungua mlango wa gereji. Gundi haishiki kwenye mbao iliyolowa hivyo. Nikapaka wanga wa mahindi, nikapuliza hewa ya moto kidogo kidogo, wanga ukabadilika rangi kwa mafuta, nikaukwangua, nikapaka tena. Mara saba. Asetoni ingefanya haraka, ila bawa ndani ni povu jeupe, na asetoni ikiligusa linayeyuka kama sukari kwenye chai.

Rangi sijaigusa. Ni nyekundu na nyeupe, imepasuka pasuka kama tope la kiangazi, na bawa la kushoto lina kiraka cha wekundu mwingine kabisa. Nimeosha kwa sabuni, basi. Kuna jamaa uwanjani ananicheka kwamba nimetumia miezi minne na ndege bado inaonekana imetoka jalalani. Zake zinang'aa kama magari ya harusi, nazo huwezi kujua nani alizijenga.

Maandishi nayo nimeyakuta, chini ya ubao wa sevo, ambako msasa wangu wa zamani ungefika bila kusita. Penseli, mkono wa kuinama: tarehe ya Machi 1979, uzito kwa ratili, alama ya mahali pa kusawazishia, na mstari mmoja wa mwisho, aileroni ya kushoto juu inchi 1/32.

Nikajiambia hayo ni mambo ya redio yake ya zamani, nikaweka aileroni zote sawa. Ndege ikaruka, na kila nilipoachia mikono ikalalia kulia. Nikatua, nikafungua, nikapandisha ya kushoto 1/32 kama alivyoandika, nikairudisha juu. Ikaenda moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja, vidole vyangu viko hewani.