Namba Sita, Alama 87

Najua mmeshaambiwa yaliyonikuta siku ya kuonja kahawa. Ila mshikaji wangu kaongeza chumvi, eti nilimaliza glasi nzima. Muongo! Ni vijiko viwili tu. Haya, vitatu. Cha tatu nilikuwa nahakikisha.

Kwa wageni wa mambo haya: kwenye meza ya kuonja, kahawa iliyosagwa inamiminiwa maji ya nyuzi kama 93 ndani ya glasi, gramu 8.25 kwa mililita 150. Zikitimia dakika 4 unainama, pua nusura izame, unavunja utando wa juu kwa kijiko. Inapoa kidogo, unachota, unafyonza kwa kelele ambazo nyumbani zingekuletea kofi, unatema, unasuuza kijiko, unahamia glasi nyingine. Ikifikisha alama 80 kwa 100, hiyo ndiyo kahawa ya kiwango cha juu.

Sasa glasi ya kusuuzia vijiko ilikuwa sare na zile za kahawa, na aliyepanga meza (simtaji, ila Mungu anamuona) aliiweka palepale mwisho wa mstari. Kila mtu alishatumbukiza humo kijiko chake chenye mate. Maji yakawa yameshika rangi ya kahawia nyepesi, ile wanayoipenda wajuzi wa kahawa isiyokaangwa sana. Nami siku hiyo nilikuwa nataka kuitwa mjuzi.

Nikachota. Nikafyonza: fyuuuu! Yule mama anayeongoza akainua macho. Nikadhani kapendezwa na mfyonzo wangu. Nikafumba macho, nikaizungusha mdomoni taratibu. Nyepesi. Safi. Uchachu hakuna hata chembe. Nikachota tena. Kwa mbaaali, ladha ya chai ya jana. Nikaandika: "Ina unyenyekevu. Inauacha mdomo mtupu kwa namna ya kupendeza." Msicheke, bado. Nikachota cha tatu, na hicho, wadau, sikutema. Niliona dhambi kukitema.

Mnauliza mbona hawakunishtua? Mezani ni marufuku kusema neno kabla wote hawajamaliza kuandika, watu wasije wakaambukizana maoni. Basi wakaiheshimu kanuni, nikazikwa hai mbele ya macho yao.

Tukaanza kutoa maoni. Mama akaniuliza, "Wewe mwanangu, ipi imekukosha?"

Nikakohoa kidogo. "Namba sita, Mama. Nimeipa 87. Nahisi ni ya Yirgacheffe kule Ethiopia, maana maua nimeyasikia."

Maua!

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwanangu, hapa tuna kahawa tano."

Nikageuka kuhesabu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu... Kabla sijafika mwisho, dada mmoja aliyekuwa hajaelewa kinachoendelea akanyoosha mkono mbele yangu, akatumbukiza kijiko chake kwenye namba sita, akakikorogakoroga, akakikung'uta ukingoni, ting ting, akaenda zake.

Yaliyofuata ni vicheko tu. Mtu mmoja alikaa chini kabisa. Mimi nikakumbuka simu niliyotakiwa kupiga nje, nikaipiga muda mrefu sana. Niliporudi nikaambiwa ya Yirgacheffe kweli ilikuwepo. Ilikuwa namba mbili, ile niliyoipa 74 na kuandika "haina jipya".

Mshikaji ameipiga picha karatasi yangu. Mkitumiwa, angalieni alama tu, sehemu ya maoni msisome.