Simba wa Kusukumwa

Huku kwetu Lubumbashi tunasema "nimeuza motokari" tukimaanisha tumeinunua. Anayeiachia ndiye "anauzisha". Watu wa pwani wakitusikia wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wacheke. Tangu siku nilipouza hii Peugeot 206 RC nimeelewa kwamba wazee wetu waliona mbali. Kwa motokari ya namna hii, kununua na kuuza ni jambo moja. Nilinunua motokari, halafu nikaanza kuuza vingine: kwanza friji, halafu jenereta. Siku hizi mke wangu, Mama Mapasa, yaani mama wa pacha, akiniona nasimama uani nakuna kichwa, anakwenda kukalia kochi na hatoki.

Ugonjwa ulinipata utotoni, mtaani Kamalondo. Kulikuwa na injinia mmoja wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, kila Jumapili alikuja kumsalimia mama yake na 205 GTI nyekundu. GTI ile ilitoka mwaka 1984, injini ya 1.6, farasi 105. Baadaye ikaja ya 1.9 yenye farasi 130. Mimi hesabu hizo sikuzijua. Nilijua tu kwamba ikipita, kuku wa avenue nzima wanaendelea kukimbia hata baada ya vumbi kutulia. Nikaapa kwamba na mimi siku moja nitawakimbiza kuku wa watu.

Basi, nywele zimeanza kupungua, nikamkuta bwana mmoja Kampemba na kontena lililotoka Antwerp, likashukia Dar es Salaam, likavuka Zambia juu ya lori, likaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Ndiyo safari ndefu kuliko zote ambazo motokari hii imewahi kufanya bila kuharibika, na yenyewe ilikuwa imelala. Bwana akanipigapiga bega: "Boss, hii ilikuwa ya padri moya wa Liège. Alikuwa anaenda nayo paka ku misa tu."

Padri hasemi uongo, nikajiambia, nikasahau kwamba anayesema pale si padri. Viti vyenyewe vinakukumbatia mbavu, ngozi na alkantara. Injini ya lita 2.0, farasi 177, na farasi hao hawakusanyiki wote mpaka injini ifike mizunguko 7,000 kwa dakika. Sikujiuliza ni misa gani inataka mizunguko 7,000. Wiki mbili baadaye nikitafuta sarafu chini ya kiti nikavuta bangili ya karatasi ya kuingilia uwanja wa mbio wa Spa-Francorchamps. Sasa, Spa si mbali na Liège. Labda padri alikwenda kuungamisha madereva.

Nililipa dola 4,300. Kati ya noti zangu, moja ya mia ilikuwa na mchaniko mdogo pembeni, mdogo kama mdomo wa sisimizi. Bwana akaiinua juani, akaigeuza, akatikisa kichwa kama daktari. Nikatembea mpaka kwa kambisti, mbadilisha pesa, nikapoteza dola kumi kupata noti yenye afya. Angalia mambo: noti yangu ilikuwa na mchaniko, akaikataa. Motokari yake ilikuwa imevunjika kiuno, nikaipokea kwa mikono miwili na kusema asante.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hakunifanyia. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inazidi kuwa nyepesi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 na kitu. Piga mwenyewe. Farasi ishirini hivi niliowalipia dola taslimu hawakufika; walibaki Dar es Salaam, nadhani wanaogelea.

Nyumbani nilipokelewa na kimya. Mama Mapasa alizunguka motokari mara moja, akahesabu. "Papa Mapasa, iko na milango mbili."

"Tatu," nikasema. "Hesabu na ya nyuma."

"Na sisi tuko bantu ngapi?"

Sisi ni sita, mapasa wawili, wakubwa wawili, na sisi wenyewe, bila kumhesabu bibi anayekuja kila Pasaka na kuondoka kila Krismasi. Nikaona nimweleze ukoo. Nikamwambia hii si motokari ya ovyo, hii ndugu yake wa mbio, 206 WRC, iliipa Peugeot ubingwa wa dunia wa rally mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Yule Mfini, Marcus Grönholm, alibeba ubingwa wa madereva mara mbili nayo.

Mama Mapasa akanitazama kwa huruma. "Ndugu yako ni munganga," akasema. "Weye je?"

Mimi nauza simenti.

Halafu kuna habari ya volani, yaani usukani. Yangu iko kushoto, mahali pake, maana Kongo tunaendesha upande wa kuume. Lakini mji wetu umejaa za Japani zenye volani kuume, na watu wamezoea. Kila mara tukitoka, mke wangu anafungua mlango wa kushoto, anakaa, anaweka mkoba juu ya magoti, anatazama mbele. Mimi nasimama nje kama mlinzi. Wauza mayai ya kuchemsha wote wanakimbilia dirisha la kuume na kuongea na kiti kitupu. Nimenunua yai kwa kulala kifudifudi juu ya breki ya mkono, nimevaa suti, nikienda msibani.

Tuache hayo, tuje kwenye magurudumu. Kitabu kinasema tairi ni 205/40 R17. Maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 40 ya upana wake, yaani milimita 82. Kidole changu cha kati kinakaribia urefu huo. Kidole kimoja tu cha mpira kati ya ringi yangu na avenue yetu ya Katuba! Mbele ya buveti, baa ndogo ya kona, kuna shimo lenye umri mkubwa kuliko mapasa wangu. Mtu aliwahi kupanda mgomba ndani yake ili madereva wauone; mwaka huu tumekula ndizi. Wenye Toyota IST wanaingia shimoni, wanatoka upande wa pili wakiendelea na maongezi. Mimi nashusha abiria kwanza. Naizungusha kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine, kama mtu anayeingiza kabati mlangoni, na bado inakwaruza tumbo. Sauti ile ninaisikia kwenye meno.

Siku moja jirani yangu mchungaji akaniuliza taratibu kwa nini magurudumu ya nyuma yameinama, juu yamekaribiana, chini yameachana, kama mtu aliyebanwa haja. Nikamwambia ni mtindo wa mbio. Alikuwa na adabu, akasema amina.

Fundi hakuwa na adabu. Aliinyanyua kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini, akalitikisa, likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Ni ugonjwa wa ukoo, 205 waliugua, 206 wakarithi: mikono ya nyuma inayoshika magurudumu inazunguka ndani ya bomba moja juu ya beringi za sindano, maji yakiingia, kutu inakula. Akagonga na nyundo mara kumi na moja, nilihesabu kwa sababu kila pigo lilikuwa langu. Mkono ukachomoka. Akaweka kiganja chini ya tundu, na zikaanza kumiminika: sindano nyembamba za chuma, nyekundu kwa kutu, zingine zimekatika vipande, na unga wa kahawia nyuma yake. Zilijaa kiganja kama kapenta ya soko. Akanimiminia mkononi bila kusema kitu, nami nikazipokea, sijui kwa nini, nikasimama nazo. Zilikuwa nyepesi sana.

"Boss," akasema, "tutaadapte."

Neno hilo ndilo dini ya magaraji ya kwetu. Hakuna kisichoadaptiwa. Taa ya hii kwenye ile, redieta ya lori kwenye teksi. Lakini kila alipoleta kitu cha Toyota na kukipima pale nyuma, simba alikataa, huyu simba wa kwenye boneti ana maringo ya Kifaransa. Ikabidi beringi ziagizwe kwa shemeji yangu Bruxelles, zikaja na dada mmoja wa ndege ya kupitia Addis-Abeba, ndani ya soksi, pamoja na jibini. Miezi miwili. Muda huo wote motokari ilikaa juu ya matofali uani, na kuku, kuku walewale niliotaka kuwakimbiza, walitaga ndani ya ringi.

Baada ya kupona kiuno, ikaanza kichwa. Katikati ya dashibodi kuna kioo kidogo, kazi yake kukuambia saa na joto. Asubuhi moja, mbele ya posta, kikapiga kengele na kuandika: "Anomalie antipollution." Kwamba moshi wangu una kasoro. Nikainua macho. Mji wenyewe huu alama yake ni bomba refu la moshi na kilima cheusi cha masalio ya kuyeyushia shaba. Mbele yangu lori linatoa wingu ambalo ungeweza kukata kwa kisu. Kiangazi, vumbi jekundu mpaka kwenye majani ya jakaranda. Na katika mji mzima anayelalamika juu ya hewa ni mgeni mmoja tu, na amesajiliwa kwa jina langu!

Fundi alisema ni esansi, yaani petroli. Kitabu kinaomba oktani 95, ikiwezekana 98. Mimi mara nyingine naweka ya Kadafi, ndivyo tunavyomwita muuza esansi wa kando ya njia, ya kwenye bidoni, ambayo ina esansi, ina maji kidogo, na iliyobaki ni imani.

Askari wa barabarani naye alinisimamisha karibu na tanel. Akazunguka nyuma, akaona herufi mbili za chuma, akarudi dirishani, la kuume kwanza, halafu langu. "RC yako nimeiona pale nyuma," akasema. "Sasa onesha ya karatasi." Alitaka asiransi, yaani bima, responsabilité civile, kwa kifupi RC. Nikampa. Hakuiangalia hata. Macho yalikuwa kwenye viti. "Papa, hii ni ya mbio?" Nikavimba. "Zima, halafu uwashe, nisikie sauti." Nikazima. Nafikiri umeshajua. Yule askari alivua kofia, akaiweka kwenye kiti changu cha alkantara, akasukuma pamoja na kijana wa mikate mpaka karibu na reli.

Nisiwe mtu wa kulaumu tu. Ilinipa sekunde nne. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, njia ya Likasi, lami safi, hakuna mtu. Gia ya tatu. Mizunguko 4,000, kawaida. 5,000, kitu kikaanza kuimba. Kwenye 6,000 sauti ikabadilika kabisa, ikapanda kooni kwangu, kiti kikanisukuma mgongoni, nikawa na miaka tisa, Kamalondo, nimeshika ukuta. Nililia kidogo, nasema ukweli. Halafu "pa!", bobini moja, ile ya kupeleka moto kwenye plagi, ikafa, silinda zikabaki tatu, kioo kikaandika habari zake za moshi. Nilipokuwa bado nafuta machozi ikanipita IST, watu wanane ndani, magunia ya makaa juu ya paa. Ndiyo iliyonirudisha mjini, kwa kamba. Mama mmoja kwenye kiti cha nyuma alinitazama njia nzima akila karanga.

Bobini ilipatikana, starta ndiyo inasuasua mpaka leo. Kwa hiyo watoto wa avenue wameunda timu. Wana kapteni wa miaka tisa na wana bei: franka 500 kila mmoja, mvua ikinyesha mara mbili. Saa kumi na mbili na nusu wanakuwa wamejipanga getini, mabegi ya shule mgongoni, "Papa Mapasa, tusukume?" Naweka gia ya pili, wanapiga kelele moya, mbili, tatu, inashtuka, wanalipwa, wananunua beinyé, maandazi yetu.

Leo asubuhi nilikaa, nikageuza ufunguo kwa mazoea tu, na ikawaka. Yenyewe. Mara ya kwanza tangu mvua zianze. Nilikaa nikiisikiliza kama mtu aliyeambiwa ameshinda kitu. Nje watoto sita walisimama kimya, mikono imening'inia. Kapteni akajitenga na wenzake, akazunguka mpaka dirisha la kuume, akaona si lenyewe, akazunguka tena mpaka kwangu, akagonga kioo.

"Papa Mapasa," akasema, "na franka yetu?"

Nikalipa.