Ghala la Kakao la Hamburg: Kuta Zimebaki, Ndani Kumeondolewa

Ghala la Kaispeicher A, kwenye gati la Hamburg nchini Ujerumani, lilikamilika mwaka 1966. Msanifu wake, Werner Kallmorgen, alilichora kwa ajili ya mizigo: kuta nene za matofali mekundu, madirisha madogo mno, sakafu za kubeba kakao, chai na tumbaku, na chini yake nguzo 1,111 za zege zilizozamishwa kwenye tope. Makontena yalipotawala bandari, ghala lilikosa kazi.

Tangu Januari 2017 limebeba ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie. Watetezi wa mradi walisema jengo lililozoea uzito lingeweza kubeba na ukumbi. Hoja hiyo ni nusu tu ya ukweli. Magunia hutandaza uzito sakafu nzima, ila ukumbi wa viti 2,100 huukusanya sehemu chache, na isitoshe lazima ukae juu ya springi ili honi za meli zisiingie kwenye muziki. Zikahitajika nguzo 650 zaidi. Ndani ya ghala kukabomolewa kote, zikaachwa kuta za nje, na sehemu kubwa iliyozungukwa na kuta hizo sasa ni maegesho ya magari. Gharama kwa jiji, iliyokadiriwa mwanzoni kuwa euro milioni 77, ilifika milioni 789. Sehemu ya chanzo inajulikana: mkataba ulisainiwa michoro ikiwa haijakamilika.

Hata hivyo, wapinzani wa mradi nao wana swali gumu la kujibu. Ghala pana lisilopata mwanga halifai ofisi wala makazi, na kulitoboa madirisha kungeua sura ileile wanayoitetea. Uwanja wa umma ulio mita 37 juu umewapa watu mahali palipokuwa pa makuli na mizigo.

Jirani yake, maghala ya Speicherstadt, yaliyoanza kujengwa mwaka 1883, yamefuata njia nyingine. Ni membamba na yana madirisha ya kutosha, kwa hiyo ofisi na makumbusho yameingia ghorofa kwa ghorofa bila kung'oa mifupa ya jengo. Mwaka 2015 UNESCO iliyaorodhesha kuwa urithi wa dunia.

Kwetu sisi, ukumbi ulistahili kujengwa pale. Kisichokubalika ni kwamba haikubakizwa hata ghorofa moja ya Kallmorgen, yenye nguzo na dari yake, ambamo mgeni angeona kakao ilivyohifadhiwa. Nafasi ilikuwepo, imepewa magari.