Nusu Kichwa kwa Sababu ya Gari la Mbio

Ninaandika haya nikiwa nimevaa kofia ndani ya nyumba, tena usiku, katika joto hili la Dar es Salaam, na chanzo chake ni gari ambalo sitalipanda, sitalinunua, na ambalo kwa jinsi tumbo lake lilivyolala juu ya lami haliwezi kuvuka hata tuta la kwanza la mtaani kwetu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa kinyozi wangu pale Sinza nikiwa na heshima zangu zote, kwa kuwa alasiri nilitakiwa Tandika kumposea mpwa wangu, na mshenga, hata akiwa hana kitu mfukoni, sharti awe na kichwa kinachoeleweka. Kinyozi alianza vizuri upande wa kushoto. Kwa bahati mbaya televisheni yake ilikuwa ikionesha maonesho ya magari huko ng'ambo, ambako kampuni mbili, ambazo majina yake sikuyashika, zilikuwa zikizindua magari mapya ya mbio, yote mawili yakiwa yamefunikwa shuka la hariri kama mwali anayesubiri kutolewa nje. Niliposikia mwaka 2024 kwamba maonesho ya Geneva, yaliyoanza mwaka 1905, hayatafanyika tena, nilidhani tumepumzika. Kumbe mabingwa wa kufunika na kufunua bado wapo tele.

Shuka la kwanza lilipovutwa, mashine iliondoka kichwani mwangu ikabaki hewani inanguruma. Milango ya gari ikafunguka kwenda juu kama mbawa za kunguru wa Feri.

"Mzee wangu, hii inafika kilomita mia kwa sekunde tatu!"

Nilimwuliza kwa upole inazifikia wapi hizo mia, maana kwenye makazi ya watu kibao kinasema 50, na gari la namna hiyo litakuwa limekwisha kupigwa tochi kabla dereva hajamaliza kusema bismillahi. Alinijibu kwamba mwenye gari kama lile hapigwi tochi. Mwalimu mstaafu aliyekuwa akisubiri zamu kwenye benchi akadakia kwamba mambo haya si mageni, kwani Bugatti Veyron ya mwaka 2005 ilikuwa na silinda 16 na ilipita kilomita 400 kwa saa, isipokuwa ukiikimbiza kwa mwendo huo tangi lake la lita 100 lilikauka kwa dakika kama 12 hivi. Kinyozi alichukua kalamu, akapiga hesabu ukutani, pembeni ya orodha ya anaowadai (mimi ni wa tatu kutoka juu), akapata kilomita 80, yaani ukitoka mjini mafuta yanakuishia kabla hujaiona Chalinze.

"Basi nitakuwa najazia Mlandizi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipia.

Niliuliza gunia la mkaa linakaa wapi ikiwa viti ni viwili tu. Hakuna aliyenijibu. Nilikumbusha kwamba kuna kichwa kinasubiri. "Vumilia kidogo, mzee, wanafunua la pili." Shuka la pili likaanza kupanda taratibu, tukaona tairi moja, tukaona taa nyembamba kama jicho la paka aliyeshiba, na hapo hapo umeme ukakatika.

Sisi watatu tuliitazama ile televisheni nyeusi kwa muda ambao watu hawaitazami hata maiti. Kisha kinyozi akanigeukia, mimi, mwenye nusu kichwa cha nywele, akaniuliza: "Kwani uliona lilikuwa rangi gani?"

Jamani! Nilimwambia amalizie kwa wembe, akasema mikono inamtetemeka. Nilimwambia awashe jenereta, akasema jenereta lipo, mafuta ndiyo hayapo. Huyu ndiye aliyekuwa ajazie Mlandizi! Nilikaa saa nzima na taulo shingoni, mwalimu akinieleza kazi ya silinda ya tisa hadi ya 16, mpaka nikainuka, nikaazimwa kofia iliyokuwa imening'inia msumarini, nyekundu, yenye simba mbele.

Bajaji alitaka bei ya kunipeleka Kigali. Kwenye daladala nilisimama, na kila breki iliyopigwa ilitaka kuniondolea kofia mbele za watu.

Huko Tandika baba wa binti alitupokea akiwa na fulana ya Yanga. Aliitazama kofia yangu, nami nikamtazama anavyoitazama, na kwa kuwa nisingeweza kuivua wala kueleza kwa nini siivui, posa ilianza katika hali hiyo. Aliuliza kama kijana wetu ana kazi, nikajibu. Akauliza kama ana usafiri. Hapo sijui ni shetani gani aliyenipanda, kwani nilijisikia nikisema kwamba usafiri upo njiani, wa watu wawili, milango inafunguka kwenda juu, na mpwa wangu akanikanyaga mguu kwa kisigino.

Orodha ya mahari tuliyorudi nayo ni ndefu kuliko ya kinyozi. Na simu imelia sasa hivi, ni yeye: "Mzee, umeme umerudi. Ni la bluu. Kesho uje nimalizie, na ile kofia si yangu, mwenyewe anaiulizia."